Banda la Sinema la Shela, Malindi, na Filamu Nne za Watu Wanaobisha Hodi

Katika mtaa wa Shela hapa Malindi, si mbali na Msikiti wa Juma na makaburi yake ya nguzo, lipo banda la sinema ambalo kwa miaka mingi limekuwa likionyesha mpira wa Ulaya mwishoni mwa wiki na filamu za mapigano siku zilizobaki. Halina kibao mlangoni, na watu wa mtaa hulitaja kwa jina la mwenyewe, jina ambalo sitaliandika hapa kwa kuwa hakuniomba wala sikumwomba. Mwezi uliopita mwenyewe alifanya jambo ambalo sijapata kuliona katika banda lolote la pwani hii: kwa Alhamisi nne mfululizo, baada ya sala ya Isha, alionyesha filamu za mapigano zinazohusu watu wanaokimbia nchi zao, au wanaokimbia serikali, na kuomba hifadhi mlangoni kwa wengine. Nilihudhuria zote nne. Ninaandika tathmini hii kwa sababu naamini huduma ya namna hii inastahili kusifiwa palipo na sifa na kurekebishwa palipo na kosa, na kosa nililolikuta halikuwa dogo.

Nianze na banda lenyewe. Kiingilio ni shilingi 50, na mtu akitoka katikati ya filamu hurudishwa bila kulipa tena, jambo la uungwana. Mbele kuna mikeka, nyuma kuna mabenchi, na picha hurushwa kwa projekta juu ya ukuta uliopakwa chokaa nyeupe, ambao ni bora kuliko shuka kwa sababu hautikiswi na upepo wa bahari. Nje ya mlango kuna mama anayeuza viazi vya karai kwa ukwaju na mzee wa kahawa tungu, na wote wawili wanajua kunyamaza filamu inapoendelea. Spika ni mbili na ya kulia imepasuka, kwa hiyo anayetaka kusikia vyema akae kushoto. Umeme ulikatika mara moja katika zile wiki nne, na jenereta ikawashwa kabla watu hawajaanza kupiga miluzi.

Lakini mtu haendi pale kwa ajili ya ukuta wala spika. Anakwenda kwa ajili ya mfasiri. Kenya nzima inamjua DJ Afro, na kila banda la mtaani limelelewa na ufundi wa namna yake: sauti ya Kiswahili inayopanda juu ya sauti ya filamu, ikieleza, ikionya, ikiwapa waigizaji majina ya kwetu na kuwaambia watazamaji adui amejificha wapi. Tofauti ya banda la Shela ni kwamba tafsiri haijarekodiwa. Mfasiri hukaa kando ya projekta na kipaza sauti mkononi, naye hutafsiri palepale. Ni kijana aliyewahi kufanya kazi ya kutembeza wageni ufukweni, na kama vijana wengi wa Malindi, Kiitaliano chake ni kizuri kuliko Kiingereza cha wengi waliosoma. Ana ulimi mwepesi na pumzi ndefu. Katika filamu za kawaida za mapigano sijui wa kumshinda katika wilaya hii.

Filamu za hifadhi, hata hivyo, si za kawaida, na hapa ndipo ninapotaka kukaa kwa muda. Risasi haihitaji mfasiri. Gari likipinduka, mtoto wa miaka minne anaelewa kwamba limepinduka. Lakini anayeomba hifadhi hana silaha wala gari. Alicho nacho ni maneno tu, na kupona au kutopona kwake kutategemea kama maneno hayo yamesikika, yameeleweka na yamesadikiwa. Mkataba wa Geneva wa mwaka 1951 unamtambua mkimbizi kuwa ni mtu mwenye hofu iliyo na msingi ya kuteswa kwa sababu ya mbari yake, dini yake, taifa lake, kundi lake katika jamii au maoni yake ya kisiasa, na kifungu chake cha 33 kinakataza kumrudisha mtu kama huyo mahali ambapo maisha yake au uhuru wake utakuwa hatarini. Umoja wa Nchi Huru za Afrika uliongeza katika mkataba wake wa 1969 wale wanaokimbia vita na machafuko makubwa. Hayo ni maneno mazuri, lakini hofu haionekani kwa macho wala haipimwi kwa mizani. Lazima isemwe na mtu mmoja mbele ya meza, na mtu mwingine aliyekaa upande wa pili aiamini. Kwa hiyo katika filamu za aina hii, mahali pa hatari kuliko pote mara nyingi ni pale watu wawili wanapokaa na kuzungumza.

Watoto wetu wa madrasa wanalijua hilo kabla ya kujua kusoma gazeti. Waislamu wa kwanza walipoteswa Makka walivuka bahari kwenda Habasha, na Makureshi wakamtuma Amr bin al-Aas na mwenzake pamoja na zawadi za ngozi ili Najashi, mfalme wa huko, awarudishe. Jaafar bin Abi Talib akasimama mbele ya mfalme, akaeleza kwa nini wamekimbia, akasoma mwanzo wa Sura ya Maryam, na mfalme akalia, akakataa kuwatoa, na zawadi zikarudishwa. Katika kisa hicho hakuna upanga uliochomolewa, na bado kila kinaposomwa watu hukisikiliza kwa kuzuia pumzi. Kipimo changu kwa filamu zote nne kilikuwa ni hicho.

Alhamisi ya kwanza ilikuwa Argo, filamu ya Marekani ya mwaka 2012 iliyoongozwa na Ben Affleck na kutunukiwa tuzo ya Oscar ya filamu bora. Kisa chake ni cha kweli katika mifupa yake: ubalozi wa Marekani mjini Tehran ulipovamiwa tarehe 4 Novemba 1979, watu sita walitoka kwa mlango mwingine, na hatimaye wakafichwa katika nyumba za wanadiplomasia wa Kanada kwa karibu miezi mitatu, mpaka walipoondolewa mwishoni mwa Januari 1980 kwa pasipoti za Kanada, wakijifanya watengenezaji wa filamu. Kama burudani haina kasoro, na mfasiri alikuwa katika ubora wake: ndege ilipokimbizwa na magari ya askari kwenye njia ya kurukia, banda zima lilisimama. Ni wajibu kusema kwamba mbio hizo hazikutokea. Wakimbizi wale walipita uwanjani bila kukimbizwa, na kilichowachelewesha ni hitilafu ya kiufundi ya ndege. Filamu pia inadai kwamba Waingereza na watu wa New Zealand waliwafukuza mlangoni, ilhali ukweli ni kwamba waliwasaidia. Kosa la kwanza nalisamehe, kwa kuwa mwongozaji anahitaji kufunga filamu yake kwa kishindo. La pili silisamehe. Kumwandika aliyefungua mlango kuwa aliufunga ni kumdhulumu, na ni dhuluma inayoonekana zaidi katika filamu ambayo shabaha yake ni kuwasifu waliofungua.

Jambo jingine ambalo Argo na filamu nyingi za mlango huo wanalikwepa ni urefu wa kungoja. Hifadhi ya ubalozini si ya dakika mia na ishirini. Kadinali Mindszenty wa Hungaria aliingia katika ofisi za ubalozi wa Marekani mjini Budapest mwezi Novemba 1956 na akatoka Septemba 1971, yaani karibu miaka 15 ndani ya jengo moja. Haya de la Torre, mwanasiasa wa Peru, alikaa zaidi ya miaka mitano katika ubalozi wa Colombia mjini Lima, kuanzia Januari 1949, wakati serikali mbili zikishitakiana mpaka Mahakama ya Kimataifa ya Haki. Sioni kwa nini mwongozaji hodari asingeweza kutengeneza filamu ya kusisimua kutokana na mtu anayetazama lango lilelile kila asubuhi, akijua kwamba askari walio nje hawajaondoka.

Alhamisi ya pili ndiyo iliyonifanya nirudi nyumbani nikiwa na kinyongo. Ilikuwa Dheepan, filamu ya Ufaransa ya Jacques Audiard iliyotwaa Palme d'Or, tuzo kuu ya tamasha la Cannes, mwaka 2015. Mwanamume aliyekuwa mpiganaji wa Tamil Tigers, waasi wa Kitamil huko Sri Lanka, anachukua pasipoti za familia iliyokufa, anaungana na mwanamke asiyemjua na mtoto asiye wa yeyote kati yao, na wote watatu wanaingia Ufaransa kama baba, mama na binti. Anapewa kazi ya kutunza majengo katika mtaa wa nje ya jiji unaotawaliwa na wauza dawa za kulevya, na vita alivyovikimbia vinamfuata kwa sura nyingine mpaka mapigano ya mwisho kwenye ngazi zilizojaa moshi. Mhusika mkuu amechezwa na Antonythasan Jesuthasan, ambaye yeye mwenyewe alikuwa katika Tamil Tigers akiwa kijana na baadaye akapata hifadhi Ufaransa. Labda ndiyo maana uso wake unaonyesha uchovu ambao haufundishwi katika chuo chochote cha uigizaji.

Sasa, mwanzoni mwa filamu hiyo kuna mahojiano ya kuomba hifadhi. Ofisa Mfaransa anauliza, mkalimani Mtamil anatafsiri, na mwombaji anaanza kutoa hadithi aliyofundishwa na waliomsafirisha. Mkalimani anamkatiza. Anamwambia kwa Kitamil kwamba hadithi hiyo imeshachakaa, kila mtu anakuja nayo, na wawili hao wanaanza kuzungumza lao kwa lugha yao mbele ya ofisa asiyefahamu hata neno moja. Hatima ya watu watatu imekaa katika kinywa cha mkalimani, na kamera haitoki pale mezani. Ni kipande kifupi na kwangu mimi ndicho kitovu cha filamu nzima.

Mfasiri wetu alikiruka. Hakunyamaza, ingekuwa heri angenyamaza, alianza kuwasalimia watazamaji, akamtania kijana mmoja kuhusu timu yake iliyofungwa, akatangaza mpira wa Jumamosi, kisha akasema, "Haya, wamepewa karatasi, sasa mambo yanaanza." Watu wakacheka, na filamu ikaendelea bila ya yeyote, isipokuwa sisi wachache tuliowahi kuiona, kujua karatasi hizo zilipatikana vipi.

Filamu ilipokwisha nilimngoja akunje nyaya zake.

"Shikamoo, ami," akaniamkia.

"Marahaba, mwanangu. Mbona umeyaruka mahojiano?"

"Pale walikuwa wanaongea tu, ami. Nikiwaacha waongee, vijana wanatoka nje kuvuta sigara na hawarudi."

Nikamweleza kwa kirefu jambo ambalo nitalieleza hapa kwa kifupi. Mwaka 1991, serikali ya Siad Barre huko Somalia ilipoanguka na vita vikashuka mpaka Kismayu, vyombo vilivyojaa watu vilitweka matanga kuja huku, wengine wakiteremka Lamu, wengine Malindi, wengine Mombasa, na wengine hawakufika. Nyumbani kwetu hapa Shela alikuja bibi mmoja wa Kibajuni kutoka visiwa vya kusini mwa Kismayu, akiwa na mjukuu wa kike wa rika langu. Marehemu mama yangu na bibi yule walihesabu ukoo jikoni hadi wakakutana kwa babu mmoja. Baadaye walitakiwa kwenda kuandikishwa ili wapelekwe kambi ya wakimbizi ya Marafa. Nilifuatana nao kwa kuwa nilikuwa mtoto na sikuwa na shule. Ofisa aliyekuwa mezani alimuuliza bibi ametoka wapi, naye akajibu kwa Kibajuni chake kilichonyooka, ambacho ni lahaja ya Kiswahili. Ofisa akaweka kalamu chini. Akasema huyu si Msomali, huyu anasema Kiswahili, huyu ni mtu wa Lamu anayetaka mahindi ya bure. Bibi akarudia, na kadiri alivyorudia ndivyo alivyozidi kujiharibia, kwa sababu ushahidi wake wote ulikuwa katika lugha, na lugha yenyewe ndiyo iliyokuwa ikimshitaki. Waliandikishwa siku ya tatu, baada ya mzee mmoja anayejua Kisomali na Kibajuni kuja kueleza kwamba visiwa vile vina watu na watu hao ndivyo wasemavyo.

Hayo hayakuishia Marafa. Miaka mingi baadaye, Wabajuni walioomba hifadhi Uingereza walijikuta wakirekodiwa sauti ili wachambuzi wa lugha waamue kama matamshi yao ni ya upande wa Somalia au wa upande wa Kenya, na kuulizwa majina ya visiwa na vijiji vya jirani. Mtu anaweza kuponea baharini kisha akakwama kwenye irabu. Nilimwambia kijana yule kwamba akiyatafsiri mahojiano yale kama yalivyo, hakuna atakayetoka kuvuta sigara katika mtaa huu, kwa sababu nusu ya nyumba za Shela zimewahi kukaa mbele ya meza hiyo. Alinisikiliza kwa adabu na hakuniahidi kitu.

Ya tatu, Children of Men ya Alfonso Cuarón, ya mwaka 2006, nitaipitia haraka, si kwa kuwa ni mbaya bali kwa kuwa ni nzuri kwa namna ambayo haimtegemei mfasiri sana. Uingereza ya mwaka 2027, dunia ambayo hakujazaliwa mtoto kwa miaka 18, wakimbizi wamefungiwa katika vizimba vya chuma vituoni, na msichana Mwafrika aliye mkimbizi ndiye anayegundulika kuwa na mimba. Shambulio la garini limepigwa kwa kamera isiyokatishwa, na watazamaji walilitazama bila kutafuna. Mtoto anapolia katikati ya jengo linalorushiwa makombora na askari wakaacha kupiga risasi ili apite, mfasiri alinyamaza kwa hiari yake, na nilimshukuru moyoni. Filamu hii haifai kwa watoto, nao walikuwamo mbele kwenye mikeka. Bodi ya Uainishaji wa Filamu ya Kenya ina madaraja yake ya umri, na mwenye banda angeyaandika kwa chaki tu mlangoni ingetosha.

Alhamisi ya nne ndiyo iliyolijaza banda mpaka watu wakasimama madirishani, kwa sababu habari ilikuwa imeenea kwamba filamu inaishia kwetu. Escape from Mogadishu, ya mwongozaji Ryoo Seung-wan wa Korea Kusini, ilitoka mwaka 2021. Inasimulia siku za mwisho za 1990 na za mwanzo za 1991, wakati mabalozi wa Korea mbili walipokuwa Mogadishu wakigombania kura za Afrika ili nchi zao ziingie Umoja wa Mataifa, vita vikawakuta humo, na wa Kaskazini, baada ya ubalozi wao kuporwa, wakaja usiku na watoto wao kubisha hodi kwa wa Kusini, watu ambao sheria ya nchi zao iliwakataza hata kuamkiana nao.

Ningependa kila mtengenezaji wa filamu za mapigano autazame mlo wa usiku ule. Wageni wameketi mezani na hawagusi chakula. Wana njaa, watoto wana njaa, lakini wanaogopa kwamba kuna sumu. Balozi wa Kusini haapi wala hahutubii. Anachukua bakuli lake la wali, analibadilisha na la balozi wa Kaskazini, na anaanza kula. Baadaye kidogo mwanamke wa Kusini anajaribu kubandua jani moja la achari lililogandana na mengine, na vijiti vya mwanamke wa Kaskazini vinakuja kimyakimya kulishika jani la chini ili la juu libanduke. Mfasiri wetu alisema hapo neno moja tu: "Bismillahi." Banda likacheka kicheko kile cha watu waliofurahi na kuelewa. Hiyo ndiyo tafsiri. Hayakuwa maneno ya filamu, lakini yalikuwa maana yake.

Kisha linakuja swali la mlango wa pili. Italia inakubali kuwachukua wa Kusini katika ndege yake, ila haina uhusiano wa kibalozi na Kaskazini (uhusiano huo ulikuja kuanzishwa mwaka 2000), na balozi wa Kusini inambidi aamue atawatambulisha wageni wake kwa jina gani. Anasema ni watu walioamua kuhamia upande wa Kusini. Ni uongo, na ni uongo unaofungua lango. Kipande hicho ni cha mazungumzo matupu, na nilijikuta nimekaza ngumi nikingoja salamu za mpira. Hazikuja. Kijana alitafsiri kila sentensi, taratibu, na Ubalozi wa Italia ulipotajwa minong'ono ilipita mabenchini, kwa kuwa Malindi hakuna asiyekuwa na jirani, bosi au shemeji Mwitaliano. Hakuna aliyetoka nje.

Safari ya kwenda kwa Waitaliano, magari yakiwa yamevishwa vitabu na mifuko ya mchanga kuzuia risasi, ni miongoni mwa vipande bora vya mbio za magari nilivyowahi kuviona, na ufundi wake unatokana na udhaifu wa silaha hizo: kila kitabu kinachochanika unakiona. Filamu yenyewe ilipigwa Morocco, katika mji wa Essaouira, na mwenye macho ya pwani hii atatambua kwamba kuta zile si za Mogadishu, ingawa chumvi ya bahari iliyozila inafanana.

Nina malalamiko mawili. La kwanza ni la mfasiri, ambaye aliwaita wapiganaji wote "Al-Shabaab" tangu mwanzo hadi mwisho. Mwaka 1991 kundi hilo halikuwapo; waliouteka mji walikuwa wapiganaji wa kundi la waasi la USC (United Somali Congress), na Jenerali Aidid alikuwa miongoni mwa viongozi wao. Mzee mmoja aliyezaliwa Mogadishu alimrekebisha kwa sauti, naye akasema "samahani, mzee" katika kipaza sauti, lakini baada ya dakika tano akarudia. Katika mji ambao Msomali wa kawaida hushukiwa kwa jina lake tu, kosa hilo lina uzito.

La pili ni la filamu yenyewe. Wasomali waliomo humo wengi ni umati, ni bunduki, ni vumbi. Mama wa Kisomali aliyebeba mtoto akitafuta lango la kubisha haonekani, ingawa mji ulijaa akina mama kama huyo. Ndege ya Waitaliano inatua Mombasa, Wakorea wanaagana ndani yake kwa sababu nje watalazimika kutotazamana, na wanashuka kila mmoja kwa gari lake bila kugeuka nyuma. Ni mwisho mzuri na umenigusa. Hata hivyo, katika wiki zilezile, katika bahari ileile inayoonekana kutoka dirishani kwa ndege, majahazi yalikuwa yakija polepole na watu wasio na balozi wa kuwasemea. Mzee wa Mogadishu aliendelea kukaa taa zilipowashwa, akitazama ukuta mweupe. Alipoinuka aliniambia kwamba siku Wakorea walipotua Mombasa yeye alikuwa bado Barawa, akitafuta nahodha.

Kwa shilingi 50, basi, ninalipendekeza banda hili bila kusita, hasa kwa mtu mwenye ndugu aliyepita njia hizo. Mwenye banda amefanya uteuzi wa mtu anayefikiri, na angeongeza japo filamu moja iliyotengenezwa na Waafrika wenyewe kuhusu safari zao, uteuzi wake ungekamilika. Akina mama wanakaribishwa lakini hawajatengewa mahali, na hilo ni rahisi kurekebisha kwa mkeka mmoja na pazia.

Dheepan itarudiwa Alhamisi ijayo kwa maombi ya watazamaji, na safari hii mfasiri amesema atayatafsiri mahojiano yote, neno kwa neno, na atamwomba muuza kahawa asigonge vikombe wakati huo. Yule mjukuu wa bibi, ambaye leo ni dada yangu na ana duka la vitambaa hapa mjini, hajawahi kuingia katika banda la sinema maisha yake yote. Nilipomweleza kuhusu mkalimani yule wa Kitamil alinyamaza kwa muda, kisha akaniuliza benchi lipi liko karibu na mlango. Nimemwekea nafasi upande wa kushoto, mbali na spika iliyopasuka.